Siti Moja, Tiketi Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Mfumo wa Kuuza Tiketi za Basi

Kisa hiki ni cha kampuni inayouza tiketi za mabasi ya mikoani kwa njia ya simu. Majina, njia za mabasi na tarehe vimeondolewa, na abiria wawili nitakaowataja nimewapa majina ya kubuni. Mimi niliitwa baadaye, kupitia upya michoro ya mfumo wakati timu ilikuwa imeshajaribu dawa mbili bila ugonjwa kupona.

Usuli

Mfumo ulikuwa na seva mbili, yaani kompyuta kuu mbili, zenye wamiliki tofauti. Ya kwanza, nitakayoiita Daftari, ilikuwa ya kampuni ya mabasi na ilitunza orodha ya siti na majina ya abiria. Ya pili, nitakayoiita Mauzo, ilikuwa ya kampuni ya tiketi na kazi yake ilikuwa kufungua malipo na kutuma tiketi kwa meseji. Mauzo ilizungumza na Lango, yaani mlango wa malipo wa mtandao wa simu. Lango ndilo linalomtokezea mteja kile kidirisha cha "weka namba ya siri kuthibitisha malipo".

Upande wa abiria kulikuwa na vitu viwili, na kuvitenganisha ni muhimu. Kuna programu anayochagulia siti, na kuna laini ya simu inayolipa na kupokea meseji ya tiketi. Mara nyingi viko kwenye simu moja, ila si lazima. Mtu anachagua siti kwa simu yake halafu anaandika namba ya kaka yake ndiye alipe. Wasanifu walilijua hilo wakavichora mbalimbali, na walifanya vizuri.

Mahitaji yote ya mfumo yaliandikwa kwa senario, yaani visa vifupi vya jinsi mambo yanavyotarajiwa kwenda. Kila senario ilikuwa na mchoro wa mfuatano: kila sehemu ina mstari wake wa wima, mishale ya ujumbe inapita kati ya mistari, na muda unashuka kwenda chini. Michoro ya aina hii ilisanifishwa na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, katika waraka wa Z.120 mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya mifumo ya simu, na leo wengi wanaijua kupitia UML, lugha ya michoro ya kusanifia programu. Inapendwa kwa sababu hata meneja wa stendi anaisoma. Timu ilikaa naye, wakapitia mchoro mmoja mmoja, akakubali kila mmoja.

Michoro miwili iliyoleta balaa

Katika michoro yote, miwili ndiyo inayotuhusu. Ilieleza abiria wawili wanaogombea siti moja iliyobaki, tuseme siti namba 14. Tuwaite Asha na Juma.

Mchoro wa kwanza: Asha anawahi. Programu yake inatuma ujumbe mara mbili bila kusubiri jibu, "shikilia siti 14" kwenda Daftari na "fungua malipo ya siti 14" kwenda Mauzo. Programu ya Juma nayo inatuma hivyo hivyo, ila kwa kuchelewa kidogo. Daftari inamjibu Asha "imeshikiliwa" na Juma "imeshachukuliwa". Mauzo inalipokea ombi la Asha, inaliambia Lango liombe pesa kwenye laini yake, na ombi la Juma inalitupa kimya kimya. Pesa ikiingia, Mauzo inaiambia Daftari "thibitisha siti 14" na kuituma tiketi kwenye laini ya Asha.

Mchoro wa pili ni huo huo, ila Juma ndiye anayewahi kila mahali.

Kuna maamuzi mawili hapa ambayo kila moja lilikuwa na sababu ya maana. Programu ilituma jumbe zote mbili kwa mpigo kwa sababu wateja wengi wako kwenye mtandao hafifu, na kila safari ya kwenda na kurudi inamchosha mtu anayesubiri. Na Mauzo haikumjibu aliyechelewa kwa sababu Daftari imeshamjibu. Mbona umwambie mtu "hapana" mara mbili? Ningekuwa kwenye kikao kile sidhani kama ningepinga.

Yaliyotokea

Miezi ya kawaida mfumo ulikwenda vizuri. Ilipofika Desemba, watu wanapokwenda makwao na siti za mwisho zinagombewa na watu wengi kwa dakika ile ile, matatizo ya aina mbili yalianza kujitokeza.

La kwanza lilikuwa la kelele. Alfajiri, basi linapakia, Juma amekaa siti 14 na meseji ya tiketi mkononi. Asha anafika. Konda anaangalia orodha iliyotoka Daftari: siti 14, Asha.

"Kaka, hapo ulipo pana mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Mimi nimelipa, meseji hii hapa."

Meseji ilikuwa ya kweli, na orodha nayo ilikuwa ya kweli. Asha hakuwa na meseji, ila usiku wake alikuwa amepiga huduma kwa wateja kuuliza mbona tiketi haijafika. Aliyepokea simu alifungua Daftari, akaona siti 14 imethibitishwa kwa jina la Asha, akamjibu: "Usiwe na wasiwasi dada, jina lako lipo, njoo tu stendi." Asha hakushangaa, kwa kuwa namba ya kulipia aliyoiandika ilikuwa ya kaka yake, na alidhani kaka ameshalipa. Kaka hakuwahi kuona kidirisha chochote.

Tatizo la pili halikuwa na kelele. Mabasi yaliondoka na siti ambazo Daftari ilisema zimeshikiliwa lakini hazikulipiwa na mtu yeyote. Hakuna aliyepiga simu kulalamika. Aliyeligundua ni mhasibu wa kampuni ya mabasi.

Dawa mbili za mwanzo

Timu ilianza na Daftari. Siti imeuzwa mara mbili, kwa hiyo lazima Daftari inawaruhusu watu wawili kuandika kwa wakati mmoja. Wakaongeza kufuli kwenye hifadhidata. Hakuna kilichobadilika, na haikuwa rahisi kibadilike: logi za Daftari, yaani kumbukumbu za matukio inazojiandikia, zilionyesha kwamba kila mara ilimpa siti mtu mmoja tu, ikamkatalia wa pili. Daftari haikuwa na kosa.

Dawa ya pili ililenga siti zinazobaki tupu. Waliongeza kipima muda ndani ya Daftari: siti ikishikiliwa dakika 10 bila kuthibitishwa, Daftari inaifungua yenyewe na kuiarifu Mauzo. Wakachora mchoro mwingine mzuri sana wa "muda umekwisha", na meneja wa stendi akaukubali nao. Siti tupu zilipungua. Siti za watu wawili zikaongezeka.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na lawama kwa mtandao wa simu, kwamba meseji zinapishana. Zilipishana kweli. Lakini mfumo unaokaa kwenye mtandao ambao ujumbe hupishana, ukavunjika kwa sababu ujumbe umepishana, tatizo lake halipo kwenye mtandao.

Kurudi kwenye michoro

Nilipofika niliomba jambo moja: tuache kusoma logi kwa muda, tuchapishe ile michoro miwili, tuchukue mkasi. Kila mchoro ulikuwa na mistari saba: programu mbili, laini mbili, Daftari, Mauzo na Lango. Tukaikata kwa wima, kila mstari ukawa kipande chake na ncha za mishale yake.

Sababu ya kukata ni kwamba hakuna sehemu ya mfumo inayouona mchoro mzima. Daftari inaona mstari wa Daftari tu. Ikipokea ombi la Asha kisha la Juma, kwa akili yake iko kwenye mchoro wa kwanza, na haina namna ya kujua Mauzo iko kwenye upi. Mwandishi wa programu ya Daftari naye alifanya kazi vivyo hivyo: alichukua mstari wake kwenye michoro yote akaandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, unaoutii.

Vipande vilikuwa 14. Ukichagua kwa kila sehemu kipande cha mchoro wa kwanza au wa pili, unapata michanganyiko 128. Mingi inakataa papo hapo, kwa sababu mshale unatoka kipande kimoja na hauna pa kuingia kwenye kingine. Daftari ya mchoro wa kwanza inamwambia Asha "imeshikiliwa", kwa hiyo lazima iende na programu ya Asha ya mchoro wa kwanza. Ukiendelea kuunganisha hivyo, vipande vinajikusanya makundi mawili. Daftari na programu zote mbili zimefungamana. Mauzo, Lango na laini zote mbili zimefungamana. Lakini kati ya makundi hayo hakuna kamba. Ujumbe unaoingia kutoka kwenye programu ni ule ule katika michoro yote miwili, na "thibitisha siti 14" haina jina la mtu.

Michanganyiko inayoshikana ni minne. Miwili ni ile iliyochorwa. Katika mmojawapo wa miwili iliyobaki, Daftari inampa Asha na Mauzo inamlipisha Juma. Mwingine ni kinyume chake.

Tulipoupanga mezani ule wa Daftari kumpa Asha na Mauzo kumlipisha Juma, kijana aliyeandika Mauzo alinyoosha kidole chake juu yake kuanzia juu hadi chini, akasoma kwa sauti. Juma anaambiwa na programu "imeshachukuliwa", na punde laini yake inatokezewa kidirisha cha namba ya siri, chenye kiasi cha nauli na jina la kampuni. Anaamini kidirisha, maana ndicho kinachohusu pesa. Pesa inaingia, Mauzo inathibitisha siti 14, Daftari inaithibitisha kwa anayeishikilia, ambaye ni Asha. Meseji inakwenda kwa Juma. Kisha akaongeza mwenyewe: "Na Juma akikataa kulipa, siti inabaki kwa Asha, na Asha haombwi pesa kamwe." Hizo ndizo siti tupu. Matatizo mawili yaliyoonekana tofauti yalikuwa mchanganyiko mmoja, yakitenganishwa na kama Juma aliweka namba ya siri au hakuweka.

Jambo hili linajulikana katika taaluma. Rajeev Alur, Kousha Etessami na Mihalis Yannakakis walilieleza mwaka 2000 kwa mfano wa kinu cha nyuklia: wateja wawili wanatuma amri za "ongeza" na "zidisha mara mbili" kwa seva mbili za kemikali ambazo lazima viwango vyake vilingane. Michoro inaonyesha seva zote mbili zikizipokea amri kwa mpangilio mmoja. Lakini sehemu zinazotii michoro hiyo haziwezi kuzuia seva moja ianze na kuongeza na nyingine ianze na kuzidisha. Mwenendo wa namna hiyo, ambao hakuna aliyeuchora ila kila sehemu inauona kuwa halali, ndio ninaouita hapa senario fiche. Kwenye karatasi ya kitaaluma wateja ni herufi na namba. Kwenye stendi ni watu wawili wanaovutana begi.

Kipima muda: uchaguzi wenye wenyewe wawili

Kasoro iliyoletwa na dawa ya pili ni ya aina nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayopatikana kwa wingi zaidi kwenye mifumo yetu ya malipo.

Ramani kuu ya mfumo, inayoonyesha mchoro upi unafuata upi, sasa ilisema: siti ikishashikiliwa, mambo yanaendelea ama kwa "malipo" ama kwa "muda umekwisha". Kwenye karatasi hiyo ni njia panda ya kawaida. Swali ambalo ramani haikulijibu ni nani anayechagua. Njia ya malipo inaanzishwa na Mauzo, inapopata pesa. Njia ya muda inaanzishwa na Daftari, saa yake inapofika. Ni seva mbili mbali mbali, kila moja ina haki ya kuanza, na hakuna inayojua mwenzake ameanza. Hanêne Ben-Abdallah na Stefan Leue waliiandika kasoro hii mwaka 1997, pamoja na jinsi ya kuigundua kwa kuangalia ujumbe wa kwanza wa kila tawi: ikiwa matawi yanaanzishwa na sehemu tofauti, uchaguzi huo hauna mwenyewe mmoja.

Kwa hiyo abiria anaweka namba ya siri dakika ya tisa, mtandao unasuasua, pesa inaingia. Wakati huo Daftari imeshafungua siti na kumshikia mtu wa tatu. "Thibitisha siti 14" inafika, na inathibitishwa kwa huyo wa tatu. Ujumbe wa "imefunguliwa" nao ulikuwa umetumwa kwenda Mauzo. Msimbo wa Mauzo ulijua la kufanya nao ikiwa malipo hayajaanza, kwa sababu hivyo ndivyo mchoro ulivyosema. Ukifika baada ya malipo kuanza, msimbo uliupuuza. Hakuna mchoro uliosema vinginevyo.

Uamuzi

Njia tatu zilijadiliwa. Ya kwanza ilikuwa kupitisha kila kitu kwenye Mauzo, Daftari isizungumze na programu kabisa. Ni safi kiufundi. Kampuni ya mabasi iliikataa kwa sababu mawakala wake wa dirishani wanauza siti moja kwa moja kwenye Daftari, na haikutaka biashara yake isimame seva ya mtu mwingine ikisimama. Sikuona sababu ya kubishana nao.

Ya pili ilikuwa kuacha mambo yatokee na kurudisha pesa pale yanapogongana. Aliyeipinga ni meneja wa stendi, na alikuwa na haki kuliko sisi wote: nauli itakayorudi kesho kutwa haimsaidii anayesafiri kesho alfajiri.

Ya tatu ndiyo iliyochukuliwa. Programu inaanza na Daftari peke yake. Daftari ikikubali, inatoa kibali, namba isiyorudiwa, yenye siti na mwenye siti. Mauzo haifungui malipo bila kibali, na "thibitisha" lazima ikibebe. Kwa hatua hiyo makundi mawili ya vipande yanafungwa kamba: aliyekataliwa na Daftari hana cha kupeleka Mauzo.

Kwa kipima muda, uamuzi ulipewa mwenyewe mmoja. Muda ukiisha, Daftari haifungui siti, bali inaiuliza Mauzo "naweza kufungua kibali hiki?" Mauzo inajibu "fungua" na kukiua kibali upande wake, au "subiri, pesa iko njiani". Kufungua kwa hiari ya Daftari kukaondolewa.

Kabla ya kuandika msimbo tuliuweka muundo mpya kwenye LTSA, chombo kilichotengenezwa Imperial College London, ambacho hupitia mienendo yote ya sehemu zikifanya kazi pamoja. Tahadhari kwa atakayekitumia: humo mtumaji na mpokeaji hufanya tendo kwa pamoja. Ukitaka ujumbe unaochelewa njiani, lazima uichore foleni yenyewe kama sehemu inayojitegemea. Jaribio letu la mwanzo halikuwa na foleni, na chombo kikatuambia hata muundo wa zamani ni mzima.

Matokeo

Msimu uliofuata siti zilizouzwa mara mbili kwa njia hizi mbili hazikuonekana tena. Mgongano ulioripotiwa ulitokana na wakala aliyeandika tiketi kwa mkono, na huo haukuwa wa michoro.

Gharama zilikuwepo. Kuchagua siti kulipungua kasi, kwa sababu sasa programu inasubiri jibu la Daftari kabla ya kuanza malipo, na wateja wa mtandao hafifu walilalamika kama ilivyotarajiwa. Pia Daftari ilianza kuitegemea Mauzo kwa jambo ambalo awali ilijifanyia yenyewe. Asubuhi moja Mauzo ilisimama, hakuna siti iliyofunguka, na mabasi yakaondoka na nafasi wazi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri ni michoro yenyewe. Nalisema hili kwa sababu baada ya kisa kuna waliotaka michoro ya mfuatano iachwe. Ingekuwa mahitaji yameandikwa kwa aya za maneno, ule mchanganyiko usingepatikana kwa mkasi. Kutenganisha programu na laini kulisaidia pia. Mistari ikiunganishwa, Juma anayeambiwa "imeshachukuliwa" huku akidaiwa pesa angeonekana hawezekani, na tungekwenda kumtafuta mchawi kwingine.

Kilichoshindwa ni jinsi michoro ilivyokaguliwa. Ilikaguliwa mmoja mmoja, na kila mmoja ulikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa kati yao. Hakuna mtu aliyeulizwa: sehemu hii, kwa yale tu inayoyaona, inajuaje iko kwenye mchoro upi? Kwa michoro michache isiyo na mizunguko, yaani isiyorudi nyuma kujirudia, swali hilo linajibika kwa mkono au kwa chombo. Michoro ikiunganishwa kwa mizunguko mambo hubadilika. Alur na wenzake walionyesha kwamba kuna sura ya swali hili ambayo, kwa ujumla, hakuna programu inayoweza kuijibu daima. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosubiri chombo kiwafanyie kila kitu.

Kosa jingine lilikuwa ujumbe usio na mwenyewe. "Thibitisha siti 14" ulikuwa ujumbe mfupi na mzuri kwa macho, na ufupi wake ndio ulioruhusu senario mbili kuchanganyika. Kibali kilifanya kazi kubwa kuliko kufuli, na kwa gharama ndogo.

Ukimya wa Mauzo ulistahili mjadala zaidi kuliko ulioupata. Kutomjibu aliyechelewa kuliokoa ujumbe mmoja, lakini kuliondoa nafasi pekee ambayo Asha angejua kwamba seva mbili hazikubaliani. Angeambiwa "hapana" na Mauzo huku Daftari ikisema "ndiyo", programu yake ingepokea kitu kisichokuwemo kwenye mchoro wowote, ingekwama, na tungepata taarifa siku ya kwanza. Mfumo unaokwama unaudhi, ila unalalamika wenyewe.

Baada ya ile asubuhi ya mabasi yenye nafasi wazi, kampuni ya mabasi iliongeza kitufe cha kufungua siti kwa mkono, kwa msimamizi wa stendi. Kitufe hicho kinafungua siti ndani ya Daftari bila kuiuliza Mauzo, yaani kinarudisha uchaguzi kwa wenyewe wawili. Nilipendekeza kifanye kazi pale tu Mauzo isipojibu kabisa, na kwamba Mauzo ikirudi ianze kwa kuomba orodha ya vibali vilivyouawa kabla ya kupokea pesa yoyote. Sehemu ya kwanza imewekwa. Ya pili bado iko kwenye foleni ya kazi za timu, na msimamizi ameombwa asikibonyeze bila kupiga simu kwanza.